UZI: Kabla hujanunua kengele ya wizi, ipime nyumba kwanza (Mbeya, Iringa, Njombe)

Fundi_Sae

Wakuu, habari za jioni.

Kila baada ya siku chache mtu anauliza humu, "Naomba kujua kengele nzuri ya nyumba." Anatajiwa seti, ananunua, miezi miwili mbele ameizima kwa sababu inalia hovyo usiku. Seti haina kosa hapo, nyumba ndiyo haikupimwa. Nyumba ya Forest ya Zamani yenye kiwanja kikubwa na parachichi linalogusa dirisha haihitaji kile kinachohitajika Iganzo, ambako ukuta wako ndio ukuta wa jirani.

Chukua karatasi, kalamu, futi ya mita tano na tochi. Kabla ya kuchora chochote, andika juu ya karatasi namba mbili. Ya kwanza ni dakika tangu king'ora kianze kulia mpaka mtu wa maana afike getini: jirani, mlinzi, vijana wa ulinzi shirikishi, polisi. Usikadirie kwa matumaini. Mpigie huyo mtu saa tisa usiku siku ya jaribio, kwa makubaliano, uone anafika saa ngapi. Namba ya pili ni dakika ambazo mwizi anahitaji tangu king'ora kilie mpaka atoke na mzigo. Namba ya pili ikiwa ndogo kuliko ya kwanza, umenunua kelele tu.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanafunga sensa moja ya mwendo sebuleni. Sensa hiyo inamwona mtu aliyekwisha kuvunja mlango, na kazi iliyobaki ni kuchomoa runinga. Swichi ya sumaku mlangoni (sumaku kwenye mlango, swichi kwenye fremu) inaamka mlango unapofunguka. Sensa ya mtikisiko kwenye grili inaamka mapema zaidi, nondo ya kwanza inapoguswa na msumeno, na dakika zote za kukata zinahesabika upande wako. Kwa hiyo kengele inatakiwa iamke kabla ya kizuizi, na kizuizi kiwe na uzito wa kumchelewesha. Kengele bila kizuizi haikusaidii, na kizuizi dhaifu hakigeuki imara kwa kufungiwa kengele.

Sasa zunguka. Anzia barabarani uelekee ndani, mara mbili: mchana, halafu usiku taa za nje zikiwa zimezimwa. Weka alama kila penye upenyo: milango, madirisha, vidirisha vya choo, mlango wa dari, sehemu ya ukuta iliyo chini ya mita mbili. Kila upenyo uandikie mambo matatu: unaonekana kutoka barabarani au kwa jirani? Mtu anaufikia bila ngazi? Una nini cha kumchelewesha? Upenyo wenye hapana, ndiyo, hakuna, huo ndio wa kwanza kufungiwa sensa. Mara nyingi utakuta ni mlango wa jikoni nyuma, ule wenye kitasa cha bei nafuu kuliko vyote.

Mengine nitaendelea chini. Mafundi wenzangu, sahihisheni.

---

mkaratusi

Nimekaa mbele kabisa. Endelea mkuu.

---

Kenchi_na_Bati

Fundi, umeanza vizuri ila umepita juu juu kwenye paa. Huku kwetu paa ndilo mlango uliosahaulika. Bati la geji 30 lililopigwa misumari kwenye kenchi za paina linanyanyuliwa kwa mtaimbo mdogo bila kelele kubwa, na usiku wa mvua hakuna anayesikia kabisa. Chini yake kuna jipsamu tu, na jipsamu haimzuii hata mtoto.

Kwenye ramani ongeza yafuatayo. Simtanki liko umbali gani na ukingo wa paa, na stendi yake inapandika? Ukuta wa fensi unagusa nyumba wapi? Ngazi ya kuchumia parachichi inalala wapi usiku? Paa la banda la kuku liko chini ya dirisha lipi? Kabla ya kufikiria sensa, ngazi iingizwe ndani au ifungwe kwa mnyororo, na bati la mstari wa chini pande zote lifungwe kwa skrubu badala ya misumari. Mtu bado anaweza kulifungua, ila atakaa pale juu muda mrefu.

Msifunge sensa ya mwendo ndani ya dari. Pale juu kuna panya na popo, na bati linapasha moto mchana kisha linapoa ghafla jua likizama, na sensa inasoma mabadiliko ya joto. Italia kila jioni. Weka sensa kwenye korido, chini ya dari, itazame korido nzima kwa urefu wake. Anayeshuka chumba chochote lazima apite hapo. Mlango wa dari uwekewe swichi ya sumaku.

Jingine ni ukuta. Nyumba nyingi za zamani, Mbeya hata Iringa, ni tofali za kuchoma zilizoungwa kwa udongo, simenti imepakwa nje tu kama unga. Chokoa kwa msumari sehemu isiyoonekana, nyuma ya nyumba. Ukitoka udongo mwekundu laini, jua kwamba ukuta huo unatobolewa kwa kipande cha nondo, tofali moja baada ya jingine. Stoo yenye ukuta wa namna hiyo usiitegemee swichi ya mlango, maana mlango hautaguswa. Hapo sensa ya mwendo ndani ya stoo ndiyo inayofaa.

---

Binti_Gangilonga

Kamwene wadau. Swali: milango yangu miwili ni ya chuma, fundi kaweka swichi za sumaku, zinalia zenyewe, hasa upepo ukivuma. Sensa mbovu?

---

Fundi_Sae

Kamwene dada. Huenda sensa ni nzima. Chuma kinaivuta nguvu ya sumaku pembeni. Swichi iliyoandikwa inafanya kazi hadi mwanya wa milimita 15 kwenye mbao, ukiibandika moja kwa moja juu ya chuma inaweza kubaki na nusu ya hapo. Mlango ukicheza kidogo kwa upepo, mawasiliano yanakatika.

Fanya hivi. Funga mlango, pima mwanya kati ya sumaku na swichi. Ukizidi milimita 5 kwenye chuma, sogeza. Weka kipande cha plastiki au mbao cha milimita 5 mpaka 10 chini ya sumaku na kingine chini ya swichi, zisigusane na chuma. Zikiendelea kusumbua, nunua zile za milango mizito, umbo kubwa la aluminiamu, zinavumilia mwanya mpana zaidi. Halafu shughulikia komeo: mlango unaocheza milimita 10 ukiwa umefungwa una tatizo la fundi chuma kabla ya fundi kengele.

Kwenye mbao shida iko kinyume. Milango ya paina inavimba Desemba na kusinyaa Agosti. Ukifunga swichi kiangazi, acha nafasi, la sivyo mvua zikianza sumaku itagongana na swichi kila mlango ukifungwa mpaka ipasuke.

Angalia na bawaba pia. Zikiwa nje na pini zake zinachomoka, mwizi anauondoa mlango upande wa pili na kitasa chako kinabaki kimefungwa salama salimini. Pini zichomelewe.

---

Waya_Mwekundu

Niongezee umeme, maana hapa ndipo mafundi wengi wa mtaani wanabahatisha.

Betri ya volti 12, saa-ampea 7, inauzwa na karibu kila paneli ya waya (paneli ndicho kisanduku kikuu cha kengele, sensa zote zinaripoti kwake). Watu wanadhani inatosha siku nzima. Piga hesabu kwa namba zilizoandikwa kwenye karatasi za vifaa vyako. Mfano: paneli miliampea 120, sensa sita kwa 15 kila moja ni 90, kifaa cha laini ya simu 50. Jumla 260. Kwa saa 24 ni saa-ampea 6.24. Lakini usihesabu betri zaidi ya asilimia 80 ya kilichoandikwa, yaani 5.6. Kwa hiyo inaisha baada ya saa 21 na nusu ikiwa mpya, na haitabaki mpya. King'ora cha ampea 1 kikilia dakika 15 kinakula 0.25 nyingine. Ukitaka siku mbili, betri iwe kubwa zaidi, na uhakikishe chaja ya paneli ina uwezo wa kuichaji. Au punguza vifaa.

Na msifikirie kukatika kwa umeme wa TANESCO tu. Uniti za LUKU zikiisha familia ikiwa safarini, kwa kengele ni jambo lilelile. Swichi kubwa ikiwa nje ukutani, mtu anaizima jioni na kurudi kesho yake usiku. Kwa hiyo paneli ipangwe kutuma ujumbe umeme ukipotea, si betri ikiisha. Tofauti yake ni karibu siku nzima ya kujiandaa. Kisanduku cha swichi kifungwe.

Halafu waya. Waya mwembamba wa kengele, 0.22 mm² wa shaba, una upinzani wa karibu omu 7.8 kwa mita 100 kwa kila uzi. King'ora kikiwa mita 30, kwenda na kurudi ni mita 60, omu 4.7. Ampea 1 ikipita humo unapoteza volti 4.7. Kati ya 12 kinabakia na 7.3, kinalia kama mbuzi mwenye mafua. Kwa sensa waya huo unatosha, inakula kidogo. Kwa king'ora vuta 1.5 mm², hasara inashuka chini ya volti 0.7. Waya wa aluminiamu iliyopakwa shaba ni mbaya zaidi. Ukuna kwa kisu: ukitoka weupe, rudisha dukani.

---

mkaratusi

Mbuzi mwenye mafua 😂😂

Ila mkuu, siku hizi kuna zisizotumia waya. Kwa nini tujitese kutoboa kuta?

---

Waya_Mwekundu

Hata mimi sizikatai, ila nazo zipimwe. Ukuta mnene wa tofali za kuchoma, mlango wa chuma, bati: vyote vinakula mawimbi. Kabla ya kutoboa hata tundu moja, washa paneli pale unapotaka ikae, mtu mwingine ashike sensa pale itakapokaa, mlango wa chuma ukiwa umefungwa. Iamshe mara kumi. Ishara ikifika mara tisa tu, hapo hapafai. Sogeza paneli au ongeza kirudishi mawimbi. Jaribu na siku ya mvua, ukuta uliolowa unapitisha kidogo.

Na betri zake ndogo: baridi ya Juni na Julai inazipunguzia nguvu zile za alkali, hasa kwenye sensa ya geti au ya nje. Njombe na Makete ndiyo usiseme. Weka za lithiamu, zote siku moja, andika tarehe juu yake kwa kalamu.

---

NdagaFijo

Ndaga fijo kwa madini haya. Nitie la huku Rungwe.

Kwanza, kelele. King'ora cha desibeli 110 kimepimwa mita 1 tu. Kila umbali ukizidishwa mara mbili unapoteza desibeli 6. Mita 8 ni 92, mita 32 ni 80, mita 64 zimebaki 74. Sasa jirani yuko mita 60, amelala, madirisha yamefungwa kwa baridi, mvua ya Tukuyu inapiga bati lake. Hasikii kitu. Nyumba iliyozungukwa na migomba ndiyo kabisa. Kwa hiyo kwenye ramani chora duara la mita 30 kutoka king'ora, uhesabu nyumba ngapi zimo humo. Zikiwa sifuri, simu ndiyo king'ora chako halisi, na kile cha ukutani ni cha kumtisha mwizi tu. Kimoja kiwekwe ndani pia. Mtu akiwa kwenye korido yenye desibeli 110 hawezi kusikia mwenzake wa nje akimwonya.

Pili, ukungu. Ile miali isiyoonekana inayovukishwa uani kutoka nguzo moja hadi nyingine inafifia ukungu ukishuka. Ukinunua ya mita 30 kwa uwanja wa mita 30, itakulilia kila alfajiri. Chukua iliyoandikwa mara mbili au tatu ya umbali wako. Na sensa ya mwendo ya nje isitazame migomba: jani pana lililopashwa jua likitikiswa na upepo linaonekana kama mtu.

---

Kenchi_na_Bati

Umenena. Nyongeza kwa wenye fensi ya umeme: jani au tawi bichi likigusa waya, hasa likiwa limelowa, umeme unashukia ardhini na waya wote unakosa nguvu. Usipime mahitaji ya fensi mwezi wa Agosti. Pima Februari majani yakiwa yamefura, ndipo utajua mwaka mzima utafyeka mara ngapi. Na vibao vya onyo vining'inizwe, hasa penye njia ya watu.

---

Binti_Gangilonga

Na mbwa? Wengi wanasema mbwa wawili wanatosha, kengele ya nini.

---

Fundi_Sae

Mbwa ni sensa nzuri ya nje ila hapigi simu, na anakula sumu. Tena anabadilisha hesabu ya ndani. Kama analala ndani au paka anazurura, sensa za kawaida hazifai. Zipo zinazovumilia mnyama wa hadi kilo fulani, imeandikwa kwenye boksi, lakini uvumilivu huo unategemea mnyama atembee sakafuni. Paka akipanda kabati, anakuwa mbele ya sensa kama mtu. Nyumba yenye paka, tegemea zaidi swichi za sumaku na za mtikisiko.

Kuhusu kupanga sensa ya mwendo yenyewe: kona ya chumba, kimo cha mita 2.1 hadi 2.4, mwizi apite kuikata mbele kwa upande, asiielekee moja kwa moja. Inaona mtu anayekatiza mapema kuliko anayeijia. Isitazame dirisha lenye jua, pazia linalopeperuka, wala mahali mnapoweka jiko la mkaa jioni. Na jiko lenyewe lisilale ndani na watu, hewa yake inaua kabla mwizi hajafika.

Haioni kupitia kioo, kwa hiyo mtu aliye nje ya dirisha haisomi. Sensa ya kusikia kioo kikivunjika inafaa vioo vikubwa, lakini kwa madirisha ya luva haina kazi: bati linaloshika kioo cha luva linapindishwa na kioo kinachomolewa kizima kizima, kimya. Luva iwe na grili ya ndani, nondo ya milimita 12, nafasi kati ya nondo isizidi sentimita 12, ncha zimezama ukutani badala ya kushikwa na skrubu kwenye fremu.

Halafu, kwa herufi kubwa: GRILI MOJA KILA UPANDE WA VYUMBA VYA KULALA IFUNGUKE KWA NDANI. Ufunguo uning'inie mahali ambapo mkono kutoka dirishani haufiki, na kila aliyemo, hata dada wa kazi, ajue ulipo. Moto ukianza, namba ni 114, na gari haliwezi kufika kabla hujajitoa. Polisi ni 112.

---

mkaratusi

Hili la laini ya simu: naweka laini yoyote?

---

Waya_Mwekundu

Kabla ya kununua, soma paneli inatumia mtandao gani. Nyingi za bei nafuu zinajua 2G tu. Chukua simu, ipange kwenye 2G peke yake, isimamishe pale paneli itakapokaa, si mlangoni wala juu ya meza nyingine, upige. Huku kwenye mabonde na migongo ya milima, mtandao wa jirani si wako: Isanga unaweza kupata vijiti vinne barabarani na kimoja chumbani. Jaribu kampuni zote kabla ya kuchagua.

Laini isajiliwe kwa alama za vidole za mwenye nyumba, si za fundi. Fundi akihama, laini inaondoka naye. Ondoa namba ya siri ya laini, la sivyo paneli ikizima na kuwaka inakaa inasubiri namba ambayo hakuna wa kuiandika. Weka salio la kawaida, usitegemee bando linaloisha muda wake, na laini ipige simu angalau mara moja kwa mwezi isije ikafungiwa kwa kutotumika. Namba za kupigiwa ziwe nne: wewe, mwenza, jirani aliye ndani ya lile duara la NdagaFijo, na mmoja wa ulinzi wa mtaa. Zote zihifadhi namba ya kengele kwa jina. Watu hawapokei namba wasiyoijua saa nane usiku.

---

NdagaFijo

Na mwenyekiti wa mtaa ajue. King'ora kikilia bila mtaa kuambiwa maana yake, watu wanajifungia ndani zaidi.

Na radi, hujaigusa.

---

Waya_Mwekundu

Kweli. Msivute waya wa shaba hewani kutoka nyumba kubwa mpaka kibanda cha mlinzi. Novemba hadi Aprili huo ni mkono wa kuita radi, na inakuja kuua paneli, si kibanda. Upite chini ndani ya bomba, nusu mita kwenda chini, au getini tumia kisichotumia waya. Ethi ya nyumba (waya wa kumwaga umeme ardhini) ipimwe kwanza. Kizuia mshtuko wa umeme kwenye swichi kubwa hakifanyi kazi kama hakina ethi pa kumwaga.

---

Binti_Gangilonga

Nimechora ramani jioni hii. Milango 2 ya nje, madirisha 9, mlango wa dari 1, stoo ya nje 1 yenye ukuta wa udongo. Sina mnyama. Jirani wa karibu mita 25. Napanga zoni ngapi, yaani makundi ya sensa ambayo paneli inayatambua moja moja?

---

Fundi_Sae

Safi sana dada. Kwa hiyo: mlango wa mbele zoni ya 1, wenye kuchelewa sekunde 30 ili ufike paneli. Mlango wa nyuma zoni ya 2, hauna kuchelewa. Grili za nyuma zisizoonekana, sensa za mtikisiko, zoni ya 3. Za mbele zinazotazama barabara zisubiri. Korido zoni ya 4, inazimwa mkiwa mmelala. Mlango wa dari zoni ya 5, haizimwi usiku. Stoo zoni ya 6, ndani sensa ya mwendo. Kitufe cha dharura chumbani zoni ya 7, hai saa 24. Nunua paneli ya zoni 8, moja ibaki ya akiba.

Usiunganishe dari na korido zoni moja kuokoa waya. Ikilia usiku hutajua ukimbilie wapi.

---

Waya_Mwekundu

Na fundi akija kufunga za waya, msimamie kwenye rezista za mwisho wa zoni, vile vipande vidogo vya upinzani ambavyo paneli inavisoma kujua kama waya umechezewa. Nyingi zinafungwa ndani ya boksi la paneli kwa sababu ni rahisi. Zikiwa humo, mtu akigusanisha nyaya mbili nje ya mlango paneli inaona kila kitu shwari. Rezista ikae ndani ya sensa yenyewe, mwisho kabisa wa waya. Mwambie afungue kifuniko cha sensa moja akuonyeshe kabla hujamlipa.